Maswali na Majibu ya Wasomaji: Mbalamwezi Isiyokuwapo

Barua za mara hii nyingi zimetoka Mombasa, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: riwaya ya upelelezi au ya kihistoria ipimwe kwa kipimo gani? Tumechagua tano. Moja, ya kijana wa Likoni, tumeijibu kwa urefu zaidi kwa sababu ndani yake mna mambo ambayo kila msomaji wa pwani anaweza kuyahakiki mwenyewe. Ambaye bado hajasoma Mzimu wa Watu wa Kale asiwe na wasiwasi, muuaji hatajwi humu.

Bwana Msa, Inspekta Wingo na Willy Gamba

*Assalaam aleikum, mhariri. Tangu kwisha Ramadhani nimesoma riwaya tatu mfululizo: Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla na Kufa na Kupona ya Elvis Musiba. Maoni yangu ni haya. Ya kwanza niliimaliza nikaianza tena siku hiyo hiyo. Ya pili ilinishika, ila sikuona haja ya kuirudia. Ya tatu mbio zake zinapendeza, lakini tangu mwanzo nilijua shujaa wake, Willy Gamba, hafi, basi roho haikunidunda. Wenzangu barazani wanasema ninabagua bure kwa kuwa zote ni riwaya za upelelezi. Je, ni kitu kimoja kweli? Na ile ya kwanza, mtu aisome vipi ili aifaidi? — Msomaji, Kisauni*

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Si kitu kimoja, na sikio lako limesikia sawa.

Mzimu wa Watu wa Kale ni riwaya ya fumbo. Ilishinda nafasi ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya 1957–58 yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, ikatolewa kitabu mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, si askari. Ana kiko chake, ana subira, na ana Najum, rafiki anayeona karibu yote anayoyaona yeye asiyaelewe. Huyo Najum ndiye jicho lako wewe msomaji. Simu ya Kifo ya 1965 imehamia mjini Dar es Salaam, na anayetafuta ni Inspekta Wingo, polisi mwenye cheo, mamlaka na wakubwa wa kumwuliza kazi imefika wapi. Raha yake ni kazi yenyewe: nani ahojiwe kwanza, nani anadanganya. Kufa na Kupona ya 1974 ni ya ujasusi. Pale swali si "nani kaua?", ni "atatokaje humo?"

Hapo ndipo ninapokupinga kidogo. Kujua kwamba Gamba hafi si kasoro ya kitabu, kwa sababu mwandishi hakukuahidi fumbo. Msomaji anayemngojea Gamba afe anafanana na mtu aliyekwenda ngomani akangojea mawaidha. Mlaumu Musiba pale tu njia ya kutokea inapodondoka kutoka mbinguni, silaha ikipatikana mahali ambapo haikuwekwa tangu awali.

Sasa kuisoma riwaya ya fumbo. Chukua penseli na karatasi uikunje sehemu tatu: nani kasema, kasema alikuwa wapi na saa ngapi, na nani mwingine anaweza kumthibitisha. Usiandike sifa za watu, maana mwandishi hodari hukuchezea hapo. Mkali humfanya ashukiwe na mpole humfanya asahaulike. Ukifika robo ya mwisho, funga kitabu. Andika jina la unayemdhania na sababu mbili ulizozisoma, si ulizozihisi. Kisha malizia. Ukikosea, rudia kurasa thelathini za mwanzo peke yake. Katika fumbo lililosukwa vizuri utakuta dalili iko pale pale, kwenye sentensi uliyoipita ukidhani ni maelezo ya chumba au ya mavazi.

Padri wa Kiingereza Ronald Knox, aliyekuwa pia mwandishi wa riwaya hizi, alitoa kanuni kumi mwaka 1929. Mbili zatosha kwako. Mpelelezi akigundua dalili, msomaji naye aonyeshwe papo hapo. Na pacha asizuke mwishoni bila kuandaliwa mapema. Ukisoma "aliinama akaokota kitu, akakitia mfukoni" na usiambiwe ni kitu gani mpaka ukurasa wa mwisho, umedhulumiwa, na una haki ya kusema hivyo barazani.

Neno la mwisho kuhusu Abdulla: anaweka mzimu, vitisho na uvumi wa kichawi mbele, halafu analitegua fumbo kwa akili tupu. Basi kila mara mhusika anapotetemeka kwa habari za mashetani, jiulize nani anafaidika watu wakiogopa kwenda mahali hapo.

Mswada wa Mombasa ya 1906

*Shikamoo, mhariri. Ni mwanafunzi wa chuo, naishi Likoni. Baada ya kusoma riwaya nyingi za upelelezi nimeamua kuandika yangu. Iko Mombasa mwaka 1906. Jahazi kutoka Maskati linatia nanga Bandari ya Kale mwezi wa Julai, Ramadhani. Usiku wa mwezi 27, saa sita, tajiri mwenye jahazi anauawa kwenye mwamba chini ya Ngome. Muuza kahawa aliyekaa juu ya ukuta wa Ngome anamtambua muuaji kwa mbalamwezi, anamwona akikimbia juu ya mchanga kwa kuwa maji yamekupwa. Mfukoni mwa maiti mna shilingi mia mbili. Asubuhi polisi wanaupeleka mwili ukapasuliwe, na alama za vidole kwenye jambia zinamtia hatiani muuaji. Mwalimu wangu ameandika pembeni "historia ina kasoro", basi. Kasoro ziko wapi? — Mwandishi chipukizi*

Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako kasema kweli, lakini mswada unaokoleka. Twende hatua kwa hatua, kwa sababu kosa moja limezaa jingine.

Anza na upepo. Majahazi ya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yalikuja pwani yetu kwa kaskazi, ambayo huvuma tangu kama Desemba hadi Machi, yakarudi kwao kwa kusi. Julai kusi iko kwenye nguvu zake. Jahazi la tanga kutoka Maskati halishuki kuja Mombasa likipigana na upepo huo. Msomaji yeyote aliyekulia karibu na bandari atakiweka kitabu chini hapo hapo.

La pili ni kalenda. Kuugeuza mwaka wa Hijria kuwa wa Miladia kwa makadirio, zidisha kwa 0.97, jumlisha 622. Chukua 1324: mara 0.97 ni 1284, ukijumlisha 622 unapata 1906. Mwaka huo wa Hijria ulianza mwishoni mwa Februari 1906, kwa hiyo Ramadhani yake iliingia karibu na tarehe 19 Oktoba. Mwandamo unaweza kuisogeza siku moja, hauwezi kuisogeza miezi mitatu. Ramadhani ya Julai 1906 haikuwapo.

La tatu ndilo linaloangusha nyumba. Mwezi 27 hauna mbalamwezi saa sita ya usiku. Mwezi huchelewa takriban dakika hamsini kila siku. Mwezi tano hutua kama saa nne na nusu ya usiku. Wa kumi na nne na wa kumi na tano huchomoza jua linapotua, ukaangaza mpaka alfajiri. Baada ya hapo huchelewa kutoka: mwezi ishirini huonekana kati ya saa nne na saa tano za usiku, na wa ishirini na saba hauchomozi mpaka alfajiri iko karibu, tena ni ukucha tu. Waulize wavuvi wanaovua dagaa kwa taa. Hao hungojea usiku wa giza, na hesabu hii wanayo vidoleni. Muuza kahawa wako hakumwona mtu. Aliona giza.

Usidhani hili ni jambo dogo la wasomaji wasumbufu. Mwaka 1858, huko Illinois, Abraham Lincoln alipokuwa bado wakili, alimtetea kijana aliyeshtakiwa kwa kuua. Shahidi alisema alimtambua kwa mbalamwezi, usiku kama saa tano. Lincoln akatoa almanaka mahakamani ikaonyesha kwamba saa hiyo mwezi ulikuwa umeinama karibu kutua. Kijana akaachiliwa. Kwako wewe ushahidi wote umetundikwa kwenye mwezi, na ndiyo maana kosa hili halisameheki ilhali kosa la rangi ya kanzu lingesameheka. Kipimo changu ni hicho kwa kitabu chochote: kosa ambalo hakuna kitu kinachotegemea ni doa, lakini kosa lililobeba suluhisho linaangusha kitabu.

La nne, maji. Hapa kwetu siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Tofauti ya kujaa na kupwa siku hizo hupita mita tatu. Halafu kila siku nyakati hizo husogea mbele kama dakika hamsini, sawa na mwezi wenyewe. Ukirudisha hesabu mpaka mwezi 27, maji yanajaa kwenye saa saba na nusu ya usiku. Basi saa sita mchanga wako uko chini ya maji, na muuaji anayekimbia hapo anakimbia akiogelea.

Dawa yake ni hii. Hamisha mauaji yawe usiku wa mwezi 15 Mfungo Tatu (Dhulhija), mwaka 1323, siku chache baada ya Idi ya kuchinja. Hiyo ni Februari 1906, kaskazi inavuma na majahazi ya Maskati yamejaa bandarini. Badala ya saa sita, weka saa nne za usiku: mwezi mpevu umekwisha kupanda juu vizuri, na bamvua imekupwa kabisa. Mbalamwezi na mchanga mkavu unavipata kwa pamoja bila kudanganya mtu. Zaidi ya hapo umepata saa inayokimbia: ikifika saa sita maji yamekwisha kuanza kuzifuta nyayo, na alfajiri hazipo. Mpelelezi asiyejua maji atasema muuaji alipaa. Anayejua atauliza nani alishuka pale kabla ya saa tano.

Sasa Ngome. Kuanzia 1895 hadi 1958 Fort Jesus ilikuwa jela. Muuza kahawa hakai juu ya ukuta wa jela usiku, atashushwa na askari. Mweke kwenye njia ya kushukia bandarini, na deli lake na vikombe, ambako mabaharia hupita. Ukuta mwachie askari wa zamu, naye akawa shahidi wa pili anayesema jambo tofauti kidogo. Na mshukiwa akikamatwa, unajua anakopelekwa.

Fedha nazo. Mwaka 1906 hapakuwa na shilingi yetu. Ilikuwa rupia. Florini ilikuja 1920 ikakaa muda mfupi, shilingi ya Afrika Mashariki ikaingia kati ya 1921 na 1922. Na usibadilishe neno tu ukaandika "rupia mia mbili mfukoni". Rupia moja ya fedha ina uzito wa gramu 11.66. Mia mbili ni zaidi ya kilo mbili na robo. Hiyo si ya mfuko wa kanzu, ni ya kibindo au mkoba, na mtu aliyeibeba anatembea kwa kuegemea upande. Tumia hilo, tafadhali. Shahidi aliyemwona tajiri akitembea wima alipokuwa akienda, au akilala upande mmoja, anakwambia kama fedha ilikuwapo kabla ya kifo au ilipachikwa baadaye.

Alama za vidole ziondoe. Ofisi ya alama za vidole ya polisi wa London ilianzishwa 1901 tu, na huku kwetu Waafrika wanaume walianza kuchukuliwa alama kwa wingi ulipoletwa mfumo wa kipande, yaani kitambulisho cha lazima cha wafanyakazi, kwenye 1919 na 1920. Kama unazitaka sana, hamisha riwaya yote iwe ya miaka ya thelathini. Lakini hapo utakuwa na daraja la Nyali la kuelea lililofunguliwa 1931, na feri ya Likoni tangu 1937, na mshukiwa hana tena shida ya kuvuka kwa mashua. Kila mwaka unaouchagua hukupa kitu na kukunyang'anya kingine.

Nimebakiza mwili makusudi, kwa sababu hapo ndipo penye utajiri na wewe umepapita mbio. Tajiri Mwislamu wa Mombasa akifa usiku, jamaa zake watataka azikwe mapema, ikiwezekana siku ile ile. Kumpasua si jambo la kuandikwa kwa mstari mmoja. Jamaa watakataa, watu watajaa mlangoni, na ofisa Mwingereza atapima kama anataka ghasia. Riwaya nyingi zinaukwepa ugomvi huu kwa kumwiga mpelelezi wa ulaya. Usiukwepe. Tena kuna mtu aliyeuona mwili wote kabla ya sanda: mwosha maiti. Yeye ndiye daktari wako. Anajua alama ya kamba shingoni chini ya ndevu. Anajua kama kidonda kilitoka damu nyingi au kidogo, maana kidonda cha baada ya kufa hakimwagi damu kama cha mtu aliye hai. Anaona damu imetulia upande gani: damu hushuka upande ulio chini, wekundu wake huanza kuonekana ndani ya saa moja au mbili, na baada ya saa nane hadi kumi na mbili haihami tena. Mwili uliokutwa kifudifudi ilhali wekundu uko mgongoni umegeuzwa na mtu. Anahisi pia ukakamavu wa viungo, ambao huanza tayani na shingoni baada ya saa mbili hadi nne, na kwa joto letu huja upesi na kuondoka upesi.

Na mwosha maiti ana desturi ya kusitiri. Ya maiti hayasemwi nje. Basi mpelelezi wako atayapataje? Huo ndio msuko, mwanangu. Unazidi jambia lolote.

Saa na siku nimeziacha nyuma kwa sababu zitakupa dalili moja nzuri ya ziada. Kwetu usiku hutangulia mchana. "Usiku wa Ijumaa" kwa mtu wa pwani wa zamani ni ule wa kuamkia Ijumaa, ambao karani wa kizungu ataandika ni Alhamisi. Na shahidi akisema "saa nne", karani asiyejua anaweza kuandika nne ya saa yake, akakosea saa sita nzima. Mtu asiye na hatia anaweza kufungwa kwa faili lililoandikwa hivyo, na mpelelezi anayesoma lugha zote mbili akamtoa.

Uhuru wa Watumwa: riwaya au historia?

*Mhariri, salamu. Nimesoma vitabu viwili vya wakati uliopita: Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela na Haini ya Adam Shafi. Cha kwanza nilikipenda kwa kuwa kinataja kwetu, lakini nilikasirika kila Mwingereza alivyotukuzwa. Cha pili kilininyima usingizi. Kwa maoni yangu Haini ni ya kweli zaidi ingawa majina ni ya kubuni. Binti yangu anasema siwezi kusema hivyo. Naweza? — Mama wa Mji wa Kale*

Unaweza, dada yangu, ila itakubidi useme ni ukweli wa namna gani.

Uhuru wa Watumwa ilichapishwa London mwaka 1934. Mwandishi wake alikuwa mtoto wa mtumwa aliyekombolewa, kutoka jamii iliyotiliwa makao Freretown, ng'ambo ile ya kisiwa, kijiji kilichoanzishwa na wamisheni wa CMS (Church Missionary Society) wa Uingereza miaka ya 1874 na 1875 na kuitwa kwa jina la Bartle Frere. Kengele ya Kengeleni, unayoipita ukienda Nyali au Bamburi, ni ya historia hiyo. Kwa hiyo ndani ya kitabu mna kumbukumbu za watu waliotekwa, wakasafirishwa, wakatolewa majahazini. Hizo zichukue kwa heshima. Kwa Kiswahili hazipatikani nyingi. Lakini kitabu kiliandikwa ndani ya ukoloni, kikachapishwa na wachapishaji wa dini, na anayeshukuriwa ni aliyekuwa akitawala. Mwandishi anakwambia alichoona na pia anakwambia alichotakiwa ashukuru.

Njia ya kuvitenga hivyo viwili ni kuangalia kinachonyamaziwa. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Unguja mwaka 1897. Katika ukanda wetu wa pwani ya Kenya, uliokuwa chini ya Waingereza hao hao tangu 1895, haukufutwa kisheria mpaka 1907. Miaka kumi na miwili. Soma sura za sifa ukiwa na tarehe hizo pembeni, na hasira yako itapata pa kukaa. Mimi sikushauri ukitupe kitabu. Nakushauri ukisome mara mbili: mara ya kwanza uwasikilize waliotekwa, mara ya pili uisikilize sauti inayowasimulia.

Haini, ya 2003, inatoka kwenye matukio yaliyofuata kuuawa kwa Rais Abeid Karume tarehe 7 Aprili 1972, na Adam Shafi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliotiwa ndani. Majina yamebadilishwa, mazungumzo yamebuniwa. Kinachokunyima usingizi ni mambo ambayo hati za kesi haziandiki: harufu ya chumba, kuhesabu siku, namna mtu anavyoanza kumwogopa rafiki yake. Ukisema ni ya kweli kwa hayo, binti yako atakosa la kujibu. Ukimnukuu mhusika kana kwamba ndiye aliyesema mbele ya hakimu, binti yako ana haki.

Kama mnapenda ya wakati wa nyuma zaidi, someni pamoja Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka 2022. Kijana Yusuf anawekwa rehani kwa deni la baba yake, miaka ya kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Iwekeni kando ya Mbotela. Utumwa uliofutwa kwenye karatasi unaonekana pale umevaa nguo ya deni na ya ujomba.

Kuli na bandari yetu

*Nimemaliza Kuli ya Shafi. Nimefanya kazi za bandarini na nimeona kila kitu ni kweli. Je, mgomo ule ulitokea au ni hadithi? Na Mombasa je? — Msomaji, Changamwe*

Ulitokea. Ni mgomo wa Unguja wa 1948, na Rashidi, mhusika mkuu, amebuniwa ili tuutazame tukiwa chini ya gunia. Mombasa ilitangulia: mgomo mkuu ulianza tarehe 13 Januari 1947, ukaanzia kwa makuli na watu wa reli ukaenea hadi mahotelini na majumbani, ukadumu siku kumi na kitu. Wagomaji walikutana kila siku kwenye uwanja waliouita Kiwanja cha Maskini. Chege Kibachia akawa kiongozi wa chama chao, akakamatwa Agosti mwaka huo huo na kupelekwa mbali. Ukiisoma tena Kuli, itazame sura kwa sura wapi chakula cha wagomaji kinatoka. Mgomo hufa kwa njaa kabla ya kufa kwa rungu, na mwandishi anayelisahau jiko hajui bandari. Shafi analijua.

Nianze na kipi, na nikitunze vipi?

*Nataka kusoma vitabu vyote vya Bwana Msa. Kuna mpangilio? Na nakala kuukuu niliyoipata ina madoa ya ukungu. — Msomaji, Tudor*

Anza na Mzimu wa Watu wa Kale (1960), kisha Kisima cha Giningi (1968). Baada ya hapo Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976) unaweza kuvichanganya. Kosa la Bwana Msa (1984) kiweke mwisho, kitakuwa na ladha zaidi ukiwa umekwisha kumzoea mwenyewe. Uwe na kamusi karibu. Kiunguja chake kina maneno na misemo ambayo hata mzaliwa wa Mombasa atasimama nayo.

Ukungu: usikianike kitabu juani, jua hulipinda jalada na kuikausha gundi mpaka kurasa zikachomoka. Kisimamishe kivulini penye upepo, kurasa zimefunguka kidogo, siku mbili tatu. Kikikauka kabisa, kiswaki laini, ukipangusa kwenda nje, ukiwa uwani na kitambaa puani. Ukikipangusa kikingali na unyevu, unaueneza. Rafuni kiache nafasi ya vidole viwili kutoka ukutani, maana kuta zetu za mawe ya matumbawe na chokaa hupumua maji miezi ya masika, na usikifunge ndani ya mfuko wa plastiki.